Chumvi ya Josho la Angwenyi

Nyamira,
Alhamisi, 2 Machi 2023

Kwa mwanangu, Mwalimu Joyline,
Nyanchwa, Kisii.

Bwakire, mwalimu. Huku ni wazima. Mvua bado inatutania, inakuja hadi mlimani inarudi, lakini chai tunachuma hivyo hivyo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu ninayo, tena kubwa kuliko ya chifu. Lakini unajua sikio langu la kulia liliziba siku ile nilipopigwa na radi, mimi nikaamka, radi haikuamka. Tangu hapo kila simu naweka spika, na boma lote mpaka kuku wanajua habari zangu. Jambo la leo si la kuku. Ndiyo maana nimempa Orpah barua hii, yule anayeleta mboga za chinsaga na managu soko la Kisii kila Jumatatu na Alhamisi. Jibu umpe yeye, mkononi.

Unalijua lile josho la ng'ombe la babu yako Angwenyi, alilolitunza mpaka serikali ikalisahau, na shamba likarudi kwetu. Miaka miwili iliyopita niliona ng'ombe wangu wakivunja ua kwenda kulamba ardhi pale, kwenye ile sakafu ambapo zamani walisimama wakikauka baada ya kutoka majini. Mtu mwingine angechukua fimbo. Mimi nilipiga magoti nikalamba nao. Chumvi, mwanangu. Wazungu walizunguka milima hii miaka sitini wakitafuta dhahabu, wakapita juu ya chumvi na viatu vyao. Imemngoja Ratemo wa darasa la saba, na darasa la saba la wakati wetu ni digrii ya leo.

Leo nyumba kumi na nne zinachukua udongo kwangu. Ng'ombe wa Nyamweya alikuwa mbavu tupu, na baada ya mwezi mmoja manyoya yaling'aa ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Wenye tumbo wanakula, wenye mgongo wanakula. Wananiita Daktari, nami siwakatazi. Mimi mwenyewe nakula kipande kila asubuhi kabla ya chai, na nina miaka hamsini na minne, nashindana na boda boda kwenye mlima, na yeye ndiye anayetweta.

Sasa siri yenyewe. Linda, mke wa mwanangu Duncan, ana mimba ya miezi sita, na Duncan yuko kazini Naivasha. Mwanamke mwenye mimba hutaka udongo, hilo unalijua. Wa dukani ni vumbi tupu. Kwa hiyo kila asubuhi namwekea kipande cha udongo wa josho kwenye kopo, juu ya kizingiti cha jiko lake. Siingii, wala sisemi naye mambo ya tumbo, mwiko wetu wa chinsoni ni mwiko, mkwe ni mkwe. Jioni nakuta kopo ni tupu, ndivyo tunavyoelewana.

Nampa kwa sababu mzee amekuja. Usicheke. Nimemwona mara tatu, mchana kweupe, saa ile wachuma chai wamekaa kula viazi. Amesimama pembeni ya josho na kabuti lake lile la kijani. Mtu akifa na jina lake halijarudi kwenye mtoto, hatulii. Angwenyi hajapata mtoto wa kubeba jina lake katika boma hili. Nimeona busara kwamba mimba hii ionje ardhi ya josho mapema, ili jina lipate njia ya kurudi nyumbani.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Juzi nikichimba nimegonga pipa la chuma lililooza tumbo, lakini maandishi yapo. Nimeyanakili herufi kwa herufi: SODIUM ARSENITE. Neno la kwanza nalijua, ulinifundisha mwenyewe Krismasi ile kwamba sodiamu imo katika chumvi ya mezani. Neno la pili silijui. Niambie maana yake na matumizi yake, nilipake kwenye ubao pale njiani. Daktari bila neno la sayansi ni jogoo bila kilemba.

Udongo kidogo nimekufungia ndani ya gazeti. Onja.

Ni mimi baba yako mdogo,
Ratemo Angwenyi, Daktari wa Chumvi, Mshinda Radi.


Nyanchwa,
Jumatatu, 6 Machi 2023

Baba mdogo,

Sijaonja. Nimefunga lile gazeti ndani ya mifuko miwili na nimenawa mikono mara tatu. Nakuomba ufanye hivyo pia kabla hujaendelea kusoma.

Uliniuliza maana ya neno. Katika kemia, chumvi ni ukoo mkubwa, na ile ya jikoni ni mtoto mmoja tu katika boma lenye watoto mamia. Wengine katika ukoo huo ni mbolea, wengine ni dawa, wengine ni sumu. Sodiamu iko kwa wengi wao, kwa hiyo kuiona kwenye pipa hakukwambii lolote. Neno la pili ndilo linalosema. Arsenaiti ni jina la zile chumvi ambazo ndani yake mna aseniki iliyoshikana na oksijeni. Na matumizi yake, baba mdogo, ni kuua. Zamani waliua nayo kupe kwenye majosho, magugu kando ya reli, mchwa kwenye mbao. Ng'ombe aliogeshwa humo na kutolewa haraka, na mtunza josho alikaa hapo kuhakikisha hanywi.

Ninafikiri babu alilizika pipa hilo kwa sababu alijua.

Pengine nakosea. Pengine mvua za miaka hamsini zimeosha yote. Rafiki yangu Maureen anafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, nimempa udongo aupime. Lakini usingoje majibu. Usimpe Linda tena, hata punje. Waambie zile nyumba kumi na nne waache. Wewe mwenyewe acha leo.

Niambie pia, bila kunificha: kuna mtu aliyekula kwa muda mrefu? Kuna aliyeugua?

Joyline.


Nyamira,
Alhamisi, 9 Machi 2023

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Sikukusomesha kwa mbao za mikaratusi yangu, nikizibeba begani mbili mbili mpaka Masimba, ili urudi kuniambia ardhi ya baba yangu ni sumu. Kama ni sumu, mbona mimi ni mzima? Sumu inachagua watu kama mchungaji anavyochagua wazee wa kanisa?

Hata hivyo wewe ni mwalimu na mimi ni mtu wa heshima. Nimesimamisha. Linda simpi tena. Nyumba zile nimezitangazia. Umeridhika?

Hakuna mtu aliyeugua. Ng'ombe wa Nyamweya amekufa, ni kweli, lakini yule alikula majani ya viazi yenye umande, kila mtu anasema hivyo, na Nyamweya mwenyewe angesema hivyo kama angekuwa anasema nami.

Kuhusu babu yako kuzika pipa kwa sababu alijua: baba yangu alikuwa anajua mengi lakini hakuwa mtu wa kuficha. Nilipokuwa mdogo alinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa pale pale kwenye josho, kwa kosa la kuchota udongo na kutengeneza ng'ombe wa kuchezea. Alinichapa huku analia. Sijawahi kumwelewa siku hiyo.

Alikuja tena jana. Nakuambia wewe kwa sababu huku siwezi kumwambia mtu. Mchungaji Mathew anafundisha kwamba mfu amelala tu, hana habari. Basi huyu wetu anatembea usingizini. Jua lilikuwa utosini, hata kivuli changu kilikuwa kimeingia chini ya miguu. Nilikuwa nimeinama nachi— nilikuwa nimeinama nikifunga kamba ya kiatu. Nikahisi ubaridi mgongoni kama mtu amefungua mlango wa nyumba ya mawe. Nikainua kichwa. Amesimama ng'ambo ya shimo, mikono ameitandaza hivi, na mdomo unafunguka na kujifunga bila sauti. Mtu mwingine angekimbia hadi Suneka. Mimi nilimsalimia. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu.

Anadai jina, sina shaka. Anataka kupokea mtoto, ndiyo maana mikono iko wazi. Nilimwambia, vumilia mzee, miezi mitatu tu.

Ni mimi,
Ratemo Angwenyi, asiyekimbia.


Nyanchwa,
Alhamisi, 16 Machi 2023

Baba mdogo,

Majibu ya Maureen yametoka. Aliupima mara tatu kwa sababu hakuyaamini. Udongo wako umejaa aseniki kiasi kwamba aliniuliza niliuchota kwenye kiwanda gani. Ladha ya chumvi uliyoionja inatokana na magadi waliyochanganya kwenye dawa ya josho, pamoja na mikojo ya ng'ombe wa miaka mingi. Sumu yenyewe haina ladha wala harufu. Na haiozi. Vitu vingine huoza vikawa vitu vingine. Hii haina pa kwenda, inakaa ilipomwagwa ikingoja.

Unauliza mbona ng'ombe aling'aa. Ndivyo inavyoanza. Kidogo kidogo huleta hamu ya kula na ngozi nzuri, mtu akasema nimepona. Halafu tumbo huanza kuuma na kuendesha, mtu anakonda. Miguu inakufa ganzi, usiku inawaka kama imekanyaga siafu. Kwenye kucha hutokea mistari myeupe, imekatiza. Na viganja na nyayo huwa vigumu, vikawa na madoadoa, kama matone ya kwanza ya mvua yaliyoanguka kwenye barabara ya vumbi. Madaktari wengi hawaijui, husema ni vidonda vya tumbo.

Nilimpigia Linda. Nilimwambia wazi kwamba udongo huo ni sumu na unaweza kumfikia mtoto. Akasema, "Sijala, dada, usiwe na wasiwasi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeficha kitu. Nadhani anakuogopa, au anakulindia heshima. Nikamwomba aje nimpeleke akapimwe mkojo. Akasema hawezi kuondoka nyumbani bila neno lako, Duncan akiwa mbali.

Kwa hiyo yote yako mikononi mwako. Mwambie aje. Na mwambie kwa nini, ili asije akala kwingine udongo ule ule kwa kudhani ni mzuri. Mtoto wa tumboni hawezi kujitetea.

Tafadhali tazama pia viganja vyako mwenyewe, kwa kuwa ulisema unakula kila siku.

Afisa wa afya nimeshamwona. Atakuja na watu wake Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini na nne, kuzungushia josho ua. Mimi nitakuwa pamoja nao.

Joyline.


Nyamira,
Jumatatu, 20 Machi 2023

Joyline,

Nimekaa na barua yako tangu Alhamisi. Nilianza jibu moja, lilikuwa zuri, lina kisa cha yule chui niliyemfukuza kwa mfuniko wa sufuria. Nililichoma.

Viganja vyangu nimevitazama. Ni visafi. Ni visafi kwa sababu sijawahi kula. Niliweka ulimini siku ile ya kwanza nikatema, na tangu hapo sijaweka tena, sipendi udongo mdomoni. Nilisema nakula kila asubuhi kwa sababu watu hawapokei dawa kwa mtu asiyeila. Nilisema mara nyingi hata mimi nikawa naamini.

Mistari ya kwenye kucha. Umeandika kana kwamba ulikuwepo.

Mama yako mdogo Bochaberi, mke wangu, ndiye mtu wa kwanza niliyempa. Kabla ya Nyamweya, kabla ya mtu yeyote. Alikuwa na kiungulia. Mwezi wa kwanza alinawiri, kumbuka ile picha ya harusi ya Duncan, jinsi uso ulivyokuwa. Nilitembea na picha ile nikiwaonyesha watu kazi yangu. Halafu tumbo likaanza. Hospitali wakasema vidonda. Mimi nikasema vidonda vinataka kuzidishiwa dawa. Aliposhindwa kutafuna, nilipika uji wa wimbi, mimi mwenyewe, nikausaga udongo mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto, nikautia. Asubuhi na jioni. Miezi mitano. Nilimkanda miguu usiku kwa maana ilikuwa inawaka, nikavishika viganja vyake hivi, vigumu, na yale madoa. Tulidhani ni jembe, na umri. Nilimtania kwamba mvua imemnyeshea mikononi tu.

Mwezi wa kumi mwaka jana tukamzika. Ulikuja, ukasimama upande wa migomba, ukaona jinsi nilivyosema vizuri pale kaburini.

Sasa nikuambie nililokuficha. Sikusimamisha. Nyumba zile sikuzitangazia hata moja. Linda nimemwekea kopo kila siku tangu barua yako ya kwanza, isipokuwa Sabato. Na kila jioni kopo ni tupu. Ijumaa, baada ya majibu ya Maureen, nilienda kwenye josho nikiwa na kopo mkononi, nimesema sitachota. Mkono ukachota. Nadhani nilikuwa nataka Linda ale na asidhurike, ili iwe kwamba Bochaberi pia hakudhurika. Unaelewa mtu anavyoweza kufikiri hivyo? Niliogopa kuacha. Nikiacha, nimekiri.

Mzee alikuwepo. Safari hii nilimtazama vizuri, na nikakumbuka mikono ile. Hivyo ndivyo alivyotusimamisha tulipokuwa watoto tukikimbia kuelekea josho. Siye mtu anayepokea. Anazuia. Amekuwa akinizuia tangu mwanzo na mimi nikimjibu vumilia mzee.

Na hakuwa peke yake. Bochaberi alikuwa nyuma yake, upande wa ndani, kwenye ile sakafu, amesimama kimya pamoja na wengine nisiowajua, kama ng'ombe waliokwisha kuoshwa wakingoja kukauka. Ilikuwa mchana, Joyline. Nilisikia wachuma chai wakicheka ng'ambo ya kijito. Nilimwaga kopo na nikashindwa kuondoka, nilibaki hapo mpaka mvua ikaja.

Tangu hapo sijaweka kopo. Lakini Linda sijamwambia. Nitamwambiaje? Sijawahi kusimama mlangoni pake kuzungumza naye. Chinsoni inanikataza hata kutaja mimba mbele yake. Na nikifungua mdomo kusema udongo huu unaua, sentensi ya pili ni Bochaberi.

Ratemo.


Nyanchwa,
Jumatatu, 20 Machi 2023, jioni

Baba mdogo,

Orpah ananingoja sokoni mzigo ukiwa kichwani, kwa hiyo naandika kwa haraka.

Nimelia, na nitalia vizuri siku nyingine. Kuhusu mama mdogo tutazungumza, sitakukimbia. Leo ni Linda.

Chinsoni iliwekwa ili watu wa boma moja wasiumizane. Kama njia ya heshima ni kutomtazama, basi usimtazame. Mpe mgongo, useme. Lakini useme. Sehemu kubwa ya sumu hii hutoka mwilini kwa mkojo kama mtu ameacha kula, kila siku moja ina maana kwa mtoto.

Sijamwambia Duncan. Nakuachia wewe mpaka Alhamisi. Orpah akifika sokoni bila Linda, nampigia Duncan palepale na ninakuja na gari, sitangoja watu wa afya.

Joyline.


Nyamira,
Alhamisi, 23 Machi 2023

Joyline,

Jumatatu barua yako ilifika, nikasema kesho. Jumanne nilisema mvua. Jana, Jumatano, nilikwenda.

Ilikuwa saa sita hivi. Linda alikuwa jikoni, nilisikia akikoroga sufuria. Nilisimama kwenye kizingiti nikampa mgongo, nikatazama zizi. Nikamwita kwa jina, kitu ambacho sijafanya tangu aolewe. Kukoroga kukakoma. Nikamwambia asinijibu mpaka nimalize, kwa sababu nikikatizwa nitaanza kisa kingine, anavijua visa vyangu.

Nilimwambia udongo ninaomwekea ni sumu ya kupe. Nilimwambia nimejua tangu mwezi huu ulipoanza na nikaendelea. Nikamwambia ile sentensi ya pili. Niliisema nikitazama zizi, na nilidhani nikiimaliza kitu kitaanguka, pengine mbingu. Kuku alipita.

Nikamwambia ajitayarishe, kesho aende kwako na Orpah akapimwe, ruhusa anayo, na asiporudi katika boma hili sitamtuma mtu kumfuata.

Halafu nikamsikia anaketi. Akasema, "Baba, mimi sijala hata siku moja."

Nikadhani ananifichia, kama ulivyodhani wewe. Nikamwambia kopo huwa tupu. Akasema anautupa chooni. Kila asubuhi, tangu kopo la kwanza. Bochaberi ndiye aliyemwambia, alipokuwa bado anaweza kuketi. Alimshika mkono akamwambia: siku ukiwa na mimba atakuletea udongo, maana anakupenda, usiule, una kitu ndani yake, mwili wangu umekijua, utupe, urudishe kopo tupu, na usimwambie.

Nilishika mwimo wa mlango. Nikauliza, kama Bochaberi alijua, mbona alikunywa uji. Nilisikia anafuta pua.

Akasema alimwuliza neno hilo hilo. Na Bochaberi akasema hakujua kama unaua, alidhani unasumbua tumbo tu. Akasema, "Miaka thelathini hajawahi kunipikia. Nikikataa hatapika tena."

Joyline, nimewahi kusimulia watu jinsi nilivyotoa gari matopeni peke yangu, na radi, na chui. Hakuna aliyewahi kuniambia si kweli. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu wanaamini.

Nilimwuliza Linda kwa nini hata baada ya mazishi hakuniambia. Ningeacha. Nyumba zile kumi na nne zingeacha mwaka jana. Ng'ombe wa Nyamweya angekuwa hai, na Nyakerario wa kule chini, ambaye sasa anatembelea fimbo na nimemkuta jana na viganja vile vile, angekuwa kwenye chai yake. Nilimwuliza kwa sauti kubwa, na wakati ule nikasahau nikageuka nikamtazama usoni. Hakufunika uso. Alikuwa amechoka tu, na mkono uko juu ya tumbo.

Akasema, "Baba, wewe huambiwi."

Jana jioni nilianza kuzunguka. Nimefika nyumba tisa. Sisemi mengi. Nyamweya alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango polepole. Kwa Nyakerario nililia, naye akanipa kiti. Zimebaki tano, naenda nikimaliza kuandika, kisha nitakaa josho mpaka watu wako waje kesho, asije mtu akachota. Mzee sijamwona tena. Bochaberi bado yuko. Hasogei na hanitazami. Nimemwambia siwezi kumtoa pale, sijui njia.

Linda ndiye anayekuletea barua hii. Mpime hata hivyo. Bahasha sikuigundisha. Asome njiani akitaka, na kama nimesema uongo mahali, akurekebishie.

Ratemo.